Usingizi uliopotea na vidonge vya kuurudisha: majibu kwa wasomaji sita

Barua nyingi za usingizi zinazonifikia huuliza jina la dawa kabla ya kueleza usiku wenyewe unavyokwenda. Ninaelewa sababu, kwa kuwa mtu aliyekesha siku kumi hana subira ya maelezo marefu. Hata hivyo, kama mfamasia ninalazimika kurudi kwenye swali lililorukwa, nalo ni nini kilichouondoa usingizi huo. Ninaanza na barua iliyonitia hofu kuliko zote.

Shikamoo. Mama yangu mzazi ana miaka 68 na anaishi Tanga. Miaka minne iliyopita, akiwa eda baada ya kufiwa na baba, aliandikiwa dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, diazepamu, ya wiki mbili. Tangu hapo humtuma mjukuu kununua nyingine duka la dawa, na humeza kidonge kila usiku. Wiki iliyopita aliamka kwenda msalani akaanguka. Nataka nivitupe vidonge vyote leo. Je, nitakosea?

Marahaba, mwanangu. Utakosea, tena kosa lake ni kubwa, ingawa nia yako ni njema na hofu yako ina msingi. Ubongo uliozoea diazepamu kwa miaka minne umejipanga upya kuizunguka dawa hiyo, na ikiondolewa ghafla hubaki bila breki. Mgonjwa anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kukosa usingizi kuliko hata alivyoukosa mwanzoni, kuchanganyikiwa, na wengine hupata degedege ingawa hawajawahi kuwa na kifafa maishani mwao. Mwaka 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliagiza dawa zote za kundi la diazepamu ziwekewe onyo kali zaidi kuhusu utegemezi na hatari ya kuacha kwa mkupuo.

Wakati huohuo, kumwacha aendelee hivi hivi si jibu. Diazepamu hukaa mwilini muda mrefu, na kwa mtu wa umri wake hukaa zaidi, hivyo anapomeza kidonge cha leo, sehemu ya kile cha jana ingali inafanya kazi. Ndiyo maana mzee huonekana mzito asubuhi, husahau alichoambiwa jana, na huyumba akiinuka usiku. Kuvunjika nyonga katika umri huo kunaweza kumlaza mtu kitandani kwa miezi, na wapo ambao hawarudi tena katika hali waliyokuwa nayo.

Mpelekeni kwa daktari pamoja na vidonge vyenyewe na dawa nyingine zote anazotumia, hasa za maumivu za jamii ya tramadoli, kwa sababu zikichanganyika na diazepamu huweza kupunguza pumzi hadi hatari. Daktari atapanga kupunguza dozi kwa hatua ndogo ndogo, mara nyingi kila baada ya wiki mbili hadi nne, na kazi hiyo inaweza kuchukua miezi mingi. Wiki fulani atalala vibaya, na ni vyema ajue hilo mapema ili asidhani kwamba ameshindwa. Kwa sasa mwekeeni taa ndogo ya njiani, ondoeni mkeka unaoteleza, na ikiwezekana mtu alale karibu naye. Ningependa pia mtu aketi naye azungumze kuhusu marehemu. Dawa ile iliandikwa kwa ajili ya msiba, na sijaona katika barua yako kama kuna aliyemuuliza tangu wakati ule anaendeleaje na upweke wake.

Mimi ni mwalimu wa Morogoro, nina miaka 41. Huingia kitandani saa tatu usiku, nasinzia saa tatu na nusu, lakini saa nane macho yanafunguka. Naangalia simu kujua ni saa ngapi, naanza kuhesabu muda uliobaki, na sisinzii tena hadi saa kumi na nusu. Saa kumi na mbili naamka nimechoka. Mume wangu ananishauri bia mbili za jioni. Kuna dawa isiyo na madhara?

Mwalimu, dawa isiyo na madhara sina, ila ninayo njia iliyochunguzwa vizuri, ambayo chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani wa Marekani, American College of Physicians, kilipendekeza mwaka 2016 kwamba watu wazima wenye tatizo sugu la usingizi waanze nayo kabla ya vidonge. Ni tiba ya kubadili mazoea na fikra zinazokizunguka kitanda. Nimeshuhudia watu wakiikataa kwa sababu inaonekana nyepesi mno, kumbe siku zake za mwanzo ni ngumu.

Tupige hesabu ya usiku wako. Unalala saa nne na nusu kabla ya kuamka, kisha saa moja na nusu alfajiri, jumla saa sita. Lakini kitandani unakaa saa tisa. Saa tatu zilizobaki umekifundisha kitanda kuwa mahali pa kukodoa macho na kuhesabu. Kwa wiki mbili, usiingie kitandani kabla ya saa sita usiku, na uamke saa kumi na mbili kamili kila siku, Jumapili ikiwemo, hata kama umelala vibaya. Utasinzia jioni, nawe vumilia, kwa maana usingizi huo uliokusanyika ndio tunaoutaka uunganishe vipande viwili kuwa kimoja. Ukiona kwamba sehemu kubwa ya saa hizo sita, yaani zaidi ya saa tano, unalala kweli, ongeza robo saa kwa wiki, na uendelee hivyo hadi ufikie kiwango kinachokutosha. Watu wazima walio wengi huhitaji saa saba au zaidi. Mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, au anayeendesha gari kwa kazi asijaribu jambo hili bila msimamizi.

Ukiamka usiku na ukahisi usingizi umekata, ondoka kitandani, ukae sebuleni kwenye mwanga hafifu ukifanya jambo tulivu, urudi pale tu unaposinzia. Simu iache chumba kingine na ununue saa ya kengele, kwani ile hesabu ya muda uliobaki ndiyo inayoupigisha moyo. Chai ya rangi ya jioni nayo iangalie: nusu ya kafeini yake huweza kuwemo mwilini saa tano baadaye. Kuhusu bia, pombe humlaza mtu upesi kisha huuvunja usingizi wa nusu ya pili ya usiku, na nusu hiyo ndiyo inayokusumbua.

Naomba ujichunguze jambo moja zaidi. Ikiwa unaamka saa nane huku moyo ukiwa mzito, hamu ya chakula imepungua na kazi uliyoipenda haikupi tena furaha, hiyo inaweza kuwa sonona, nayo hutibiwa yenyewe. Muone daktari bila kungoja wiki mbili ziishe.

Natoka Nakuru. Nimegundua kwamba dada wa kazi humpa mtoto wangu wa mwaka mmoja na nusu dawa ya mafua, ile Piriton ya maji, ili alale mapema. Anasema kwao hufanya hivyo na watoto hawadhuriki.

Ikomeshe usiku wa leo. Dawa hiyo, kwa jina lake klofeniramini, hutibu mzio, na kusinzia ni athari yake ya pembeni. Baadhi ya watoto hawasinzii kabisa bali huwa na fujo, ndipo mlezi anapoongeza kijiko kingine. Ndugu yake promethazini ni ya hatari zaidi: tangu 2004 inabeba Marekani onyo kwamba asipewe mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu wapo waliokata pumzi wakafa. Mtoto wa umri huo anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Akikataa kulala mapema, angalia kama amelala mno alasiri. Zungumza na dada huyo kwa upole, kwani ninaamini alitafuta nafuu baada ya siku ndefu na hakukusudia ubaya.

Mimi ni mlinzi wa usiku Mombasa. Kaka yangu aliyeko Minnesota amenitumia melatonini za kutafuna kama peremende. Zitanisaidia kulala mchana?

Kidogo, huenda. Melatonini ni homoni ambayo tezi ndogo iliyo katikati ya ubongo huitoa giza linapoingia, na kazi yake ni kuuarifu mwili kwamba usiku umefika zaidi kuliko kuulaza kwa nguvu. Utegemezi wake si kama wa diazepamu. Shaka yangu iko kwenye kopo, kwa maana Marekani huuzwa kama kirutubisho bila ukaguzi unaopewa dawa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 ulipima bidhaa 25 za kutafuna na kukuta 22 zina kiasi kisicholingana na maandishi ya nje. Moja ilikuwa na zaidi ya mara tatu ya kiasi kilichoandikwa. Ukizijaribu, anza na kiasi kidogo kabisa, na uzifiche watoto wasizione.

Giza litakusaidia zaidi. Vaa miwani myeusi unaporudi nyumbani ikiwa huendeshi chombo, ziba dirisha kwa pazia zito au kanga mbili, lala mara tu ufikapo, na chai unywe nusu ya kwanza ya zamu tu.

Ninatumia ARV. Tangu nibadilishiwe kidonge kimoja cha siku, ninachomeza saa tatu usiku, nakesha. Je, niruke siku moja moja ili nipumzike?

Usiruke hata siku moja, tafadhali. Yaelekea kidonge hicho kina dolutegraviri, ambayo huwakosesha usingizi baadhi ya watumiaji, na mara nyingi kukihamishia asubuhi hutosha. Waulize kliniki yako wakupangie namna ya kuhama bila kuacha pengo. Pia usinunue vidonge vya magnesi vinavyosifiwa kwa usingizi bila kuwaambia, kwa sababu magnesi huishika dawa yako tumboni isiingie vizuri mwilini.

Mume wangu ni dereva wa lori wa njia ya Mombasa na Kampala. Anakoroma sana, kisha ananyamaza kama pumzi imekatika, halafu anashtuka. Mchana anasinzia. Amenunua vidonge ili alale fofofo.

Dada, mzuie asivimeze. Unayoyaeleza yanafanana na ugonjwa wa njia ya hewa kuziba usingizini: misuli ya koo hulegea, hewa hukatika, na ubongo humwamsha kidogo ili avute pumzi, mara nyingi kwa usiku mmoja, ndiyo maana mchana anasinzia. Vidonge vya usingizi na pombe huilegeza misuli hiyo zaidi na kuchelewesha kule kushtuka kunakomwokoa. Ipo mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo libaki wazi, iliyobuniwa na daktari Colin Sullivan wa Australia, aliyechapisha taarifa yake mwaka 1981. Kulala ubavu na kupunguza uzito pia huwasaidia wengi.

Mrekodi kwa simu usiku mbili, sauti na kifua kinavyokwenda, kisha uende naye hospitali uwaonyeshe na uombe apimwe shinikizo la damu. Hadi apimwe na kutibiwa, mwajiri wake ampangie kazi nyingine isiyo ya usukani.