Kapu la nguo chafu la chumbani: pima ujazo na hewa, urembo ufuate

Mkuu mleta mada, umeomba ushauri wa kapu la nguo chafu litakalopendeza kwenye chumba cha kulala kisicho kikubwa, na lisilete harufu. Majibu mengi yamekwenda moja kwa moja kwenye rangi na mtindo. Mimi naanza na ujazo na hewa, maana hivyo ndivyo vinavyoharibu kapu zuri mapema. Kapu likifurika, mikono ya mashati ikaning'inia nje na kifuniko kikakaa upande, hakuna msuko utakaolipendezesha. Likinuka, utalitoa chumbani hata kama ulilipenda vipi.

Ujazo unapimika. Kusanya nguo zote zinazochafuka kuanzia siku ya kufua hadi siku nyingine ya kufua, mashuka na taulo zikiwemo, uzitupe kwenye boksi kama unavyozitupa kawaida, bila kukunja wala kushindilia. Pima kwa sentimita urefu, upana na kimo cha sehemu iliyojaa, zidisha, gawa kwa 1,000. Hizo ndizo lita zako. Ongeza robo yake ili kifuniko kifunge siku mvua inapochelewesha kufua. Kwa kapu la duara, zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha kwa kimo, kisha kwa 0.785, ugawe kwa 1,000. Kapu lenye kipenyo cha sentimita 40 na kimo cha 60 linabeba lita 75. La kipenyo cha 35 na kimo cha 55 linabeba 53 tu, ingawa ukiyaona mbalimbali dukani utadhani ni ndugu mapacha. Likiwa pana juu na jembamba chini, tumia wastani wa vipenyo viwili. Pima kwa ndani, kwa sababu msuko mnene hula sentimita moja au mbili kila upande.

Kubwa mno nalo lina taabu yake. Likizidi kimo cha sentimita 70, mtu huchota nguo za juu na zile za chini hubaki zimegandamizwa, jasho halikauki, na doa linazidi kushika. Kimo cha 55 hadi 65 kinafaa watu wengi, hasa likiwa na mfuko wa ndani unaotoka wote kwa mara moja.

Kwa chumba kidogo, umbo lina uzito kuliko rangi. La mstatili jembamba lenye urefu wa sentimita 60, kina cha 25 na kimo cha 60 linabeba lita 90, na bado halitokezi njiani. La duara la ujazo huo huo litakula zaidi ya sentimita 40 za sakafu kutoka ukutani. Duara liache kwa sehemu ya kupita karibu, ambako kona ya mbao ingekugonga goti. Jembamba lina hatari ya kupinduka likijaa juu, kwa hiyo lifungwe ukutani kwa kamba fupi na skrubu, hasa penye watoto. Angalia pia kifuniko cha bawaba: kapu la kimo cha 60 lenye kifuniko cha sentimita 25 linahitaji nafasi ya 85 likifunguliwa. Watu husahau hili, wakaliweka chini ya rafu, kisha wakaishia kurundika nguo juu ya kifuniko.

Sasa vifaa, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Henzirani, yaani zile fito za mmea unaotambaa zinazosukiwa viti na makapu, ni chaguo langu la kwanza kwa chumba cha kulala. Ni nyepesi, inapitisha hewa, na rangi yake hukaa vizuri na karibu mbao yoyote. Kagua ukingo wa juu: uwe umezungushiwa fito nene, siyo ncha za msuko zilizokunjwa na kubanwa kwa gundi. Pitisha soksi nyembamba ya nailoni ndani kote. Ikinasa mahali, sweta lako litanasa hapo hapo. Ligeuze juu chini ulipige kwa kiganja juu ya karatasi nyeupe. Ukiona unga laini kama poda na vitundu vidogo kwenye fito, limeingiwa na wadudu wanaobungua, usiliingize ndani ya nyumba. Mianzi ipimwe hivyo hivyo.

Ukindu, magugu maji na nyasi nyingine zilizosukwa hupendeza sana, lakini zinafyonza unyevu. Chumba kikiwa na jasho la ukutani, ukungu huanzia kitakoni, mahali usipopatazama. Kuwa mwangalifu na kamba za karatasi zilizosokotwa zifanane na nyasi: lowesha kidole usugue mahali pasipoonekana, ikilainika na kutoa manyoya, hiyo ni karatasi. Kamba za pamba zilizoshonwa kwa mzunguko ni nzuri kwa makapu mafupi. Zikipita kimo cha sentimita 40 bila fremu, kapu hulegea na kukaa kama gunia, na hakuna namna ya kulirudisha.

Waya wa chuma unapitisha hewa kuliko vyote, ila unaonyesha kila kilichomo na unahitaji mfuko. Tazama viungio vilivyochomelewa: rangi ikiwa imebanduka hapo, kutu itaanza hapo, na doa la kutu halitoki kwa sabuni ya kawaida. Dawa ya kupaushia yenye klorini ndiyo huzidi kulikoleza. Plastiki iliyosukwa mithili ya henzirani haiogopi maji, na kwa mtu anayetupa taulo zenye unyevu ni chaguo la busara. Udhaifu wake uko kwenye pini zinazoshika msuko kwenye fremu, basi vuta kidogo uone kama zimeshika. Mbao zenye mianya ya angalau sentimita moja kati ya ubao na ubao ziko sawa. Sanduku la mbao lililozibwa pande zote ni la mablanketi, usiweke nguo za jasho humo.

Kama kapu limetiwa rangi, sugua sehemu ya ndani mara 20 kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikipata rangi, shati jeupe lenye jasho litapata pia.

Bitana, yaani mfuko wa kitambaa wa ndani, ndiyo inayotofautisha kapu la kudumu na la mwaka mmoja. Ile inayokuja na kapu mara nyingi ni polista nyembamba iliyoshonwa moja kwa moja kwenye ukingo, haifuliki. Ikate, ushone yako, na ushone mbili ili moja ikiwa kwenye maji nyingine iwe kazini. Tumia pamba isiyotiwa rangi, amerikani nzito inatosha. Ifue kwa maji ya moto na kuikausha kabla ya kukata, kwa sababu pamba mpya husinyaa.

Kwa kapu la kipenyo cha ndani cha sentimita 40 na kimo cha 60, vipimo ni hivi. Mzingo ni 40 mara 3.14, karibu 126. Kata kitambaa cha ubavu chenye urefu wa sentimita 132: 3 za mshono, na 3 za ulegevu ili uzito wa nguo ukae kwenye kitako cha kapu badala ya kuvuta uzi. Kimo cha kitambaa ni 80, yaani 60 za ndani, 15 za kukunjia nje juu ya ukingo, 3 za pindo, na zinazobaki kwa mshono wa chini. Duara la kitako likatwe kwa kipenyo cha 44. Ubavu ushonwe mara mbili: kwanza upande mzuri ukiwa nje, milimita 6 kutoka ukingoni, punguza nyuzi, geuza, kisha shona tena kwa milimita 9. Nyuzi zote zinabaki zimefungiwa, hazitafumuka zikifuliwa. Duara likunje mara mbili upate alama nne, ubavu nao ugawe sehemu nne, funga kwa pini alama kwa alama kabla ya kushona. Ukianza kushona bila alama hizo, kitambaa kitazidi upande mmoja na utapata makunyanzi. Pindo la juu lipitishwe kamba. Likunje nje, kaza kamba chini ya mdomo wa ukingo, na bitana haitatumbukia ndani.

Ukingo huo uliokunjwa ndio mahali pa kuweka urembo: kipande cha kitambaa cha pazia au cha foronya kikishonwa hapo kwa upana wa 15, kapu linaungana na chumba bila kupigwa rangi. Kwa henzirani na mianzi, rangi ya kupaka huziba matundu na hubanduka fito zinapojikunja.

Vyumba viwili ndani ya kapu moja, kimoja cha nguo nyeupe na kingine cha nguo za rangi, vinarahisisha kazi ikiwa kila mdomo una angalau sentimita 25. Pungufu ya hapo shuka halishuki.

Kitako cha kadibodi kitoe siku ya kwanza, maana kinafyonza unyevu na kupinda. Weka plaiwudi ya milimita 4, ndogo kwa sentimita 1 pande zote, pembe zipigwe msasa, toboa matundu 8 hadi 10. Chini ya kapu gongomea miguu ya mbao au mpira ya sentimita 2, na liache sentimita 5 kutoka ukutani. Lisikae dirishani penye jua kali, henzirani hukauka na kupasuka. Ikianza kulia ukiibonyeza, inyunyizie maji kidogo na kuiacha kivulini mpaka ikauke yenyewe.

Na taulo yenye maji, au fulana iliyoloa jasho la mazoezi, itundikwe kwanza. Ndani ya siku moja au mbili unyevu uliofungiwa unatosha kuanzisha ukungu, na vitone vyeusi vya ukungu kwenye pamba mara nyingi havitoki tena hata nguo ikichemshwa.