Mjomba, Kwa Nini Wasiongeze Mabehewa?

SWALI: Mjomba, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Columbus, Ohio. Likizo ya kiangazi tuliteremka Florida, tukaingia bustani moja kubwa ya michezo ambayo wanangu walikuwa wakiizungumza tangu Krismasi. Kwenye mchezo waliouwania kuliko yote tulisimama karibu saa mbili, na mchezo wenyewe ukaisha hata sijakaa sawa. Kilichoniudhi zaidi, pembeni niliona mabehewa matatu yameegeshwa tu. Huku watu waliolipa pesa ya ziada wanapita kwa mlango wa pili na kuingia mbele yetu. Pesa wanazo, uwanja wanao. Kwa nini wasiongeze mabehewa foleni ikaisha? Na hiyo njia ya kulipia, si dhuluma? — Mama Wawili, Ohio

JIBU: Marahaba mpwa wangu, na poleni kwa miguu.

Wasomaji wapya labda hawajui kwamba kabla ya ukurasa huu nilivaa sare ya bustani kama hiyo. Kazi yangu ilikuwa kusimama pale foleni inapokutana na jukwaa la kupandia, kuuliza kila kundi “mko wangapi?” na kuwagawia mistari ya viti. Kwa hiyo swali lako naliona kutoka upande wa pili wa kamba.

Tuanze na mabehewa uliyoyaona. Mengine huwa yanasubiri mafundi, maana hukaguliwa kwa zamu. Lakini hata yangekuwa mazima, pengine yasingekusaidia. Reli ya rolakosta, yaani treni ya michezo inayopanda na kuporomoka kwa kasi, imegawanywa vipande, na mitambo hairuhusu treni mbili ziwe kwenye kipande kimoja kwa wakati mmoja. Ndiyo breki ya usalama ya mchezo mzima. Ukiongeza treni huku watu wanapanda polepole, treni mpya itafika nyuma ya jukwaa na kusimama hapo, abiria wamefungwa mikanda, wanamwangalia bwana mmoja mbele yao akitafuta mahali pa kuweka kofia. Umehamisha foleni tu, ukaipandisha relini.

Kinachoamua ni sekunde za jukwaani. Chukua treni ya viti 24. Ikiachiwa kila baada ya sekunde 60, kwa saa inabeba watu 1,440. Wapandaji wakichelewa kidogo, ikaachiwa kila sekunde 75, inabeba 1,152. Sasa jiweke wewe na wanao nyuma ya watu 1,440: katika hali ya kwanza mnasubiri saa moja, katika hali ya pili saa moja na robo. Robo saa yenu imeliwa na sekunde 15 za mkoba, mkanda uliojipinda, na mtoto aliyebadili mawazo dakika ya mwisho. Hesabu hii ya kugawa watu walio mbele yako kwa idadi inayobebwa ndiyo ambayo mtaalamu wa Marekani John Little aliithibitisha kwa misingi ya kihisabati mwaka 1961, na mabenki na hospitali huitumia vilevile.

Wajenzi wa sasa wanalijua hilo. Rolakosta ya VelociCoaster, iliyofunguliwa mwaka 2021 kwenye bustani ya Islands of Adventure, Orlando, Florida, ina makabati yenye milango pande mbili. Mkoba unauingiza ukielekea kupanda, unauchukua upande wa pili ukishashuka, na wanaokuja hawagongani na wanaorudi. Mgeni haoni maajabu yoyote pale. Mimi niliyeamua ugomvi wa mikoba ningemvulia kofia aliyebuni.

Kuna dawa ya zamani zaidi, nayo ni kutokusimamisha chombo kabisa. Haunted Mansion, nyumba ya mizimu ya Disneyland kule California, tangu 1969, inabeba watu kwa viti vilivyoungana mnyororo mmoja usiokatika. Unapanda kwa kukanyaga ukanda unaotembea mwendo sawa na kiti. Hakuna kuachia treni, kwa hiyo hakuna wa kuichelewesha, isipokuwa panapokuwa na mgeni anayehitaji muda zaidi wa kupanda, ndipo mnyororo wote hupunguza mwendo au kusimama. Na mashua za “it's a small world”, zilizoanzia kwenye maonyesho ya dunia ya New York mwaka 1964, zilikuwa zikimeza watu kwa wingi kiasi kwamba Disney walibadili mpango wa mchezo wao wa maharamia, Pirates of the Caribbean. Awali ulikuwa uwe wa kutembea kwa miguu. Ulipofunguliwa mwaka 1967, watu walikwenda kwa mashua. Michezo hiyo ina umri wa babu zetu lakini foleni zake hutembea. Mimi nikiingia bustani yoyote huwa namwambia ninayekwenda naye: tazama foleni inatembea au imesimama, usitazame urefu wake.

Sasa nije kwenye kuongeza kwenyewe, kwa maana swali lako ni halali, na lina majibu yaliyojengwa kwa zege. Toy Story Midway Mania, mchezo wa kupanda gari na kulenga shabaha kwenye skrini katika bustani ya Disney's Hollywood Studios, Florida, ilifunguliwa mwaka 2008 ikiwa na njia mbili za magari. Watu wakajaa tangu asubuhi. Mwaka 2016 ikaongezwa njia ya tatu, mchezo uleule, na uwezo wake ukapanda kwa nusu. Mwaka huohuo, Epcot, bustani nyingine ya Disney hukohuko Florida, walifungua ukumbi wa tatu wa Soarin', ule mchezo wa kukaa kwenye viti vinavyoning'inia mbele ya skrini kubwa kana kwamba unaruka juu ya nchi. Tangu 2005 ulikuwa na kumbi mbili, kila ukumbi viti 87. Wangeweza kukimbiza viti vilevile kwa kasi, lakini safari ni ya dakika zile zile, ukiifupisha umeiba. Ikabidi kujenga.

Angalia miaka lakini. Mchezo mmoja ulingoja miaka 8, mwingine 11. Kuongeza njia ni kama kuongeza chumba kwenye nyumba ya ghorofa ambayo wapangaji hawajahama: jirani amekubana, nguzo zimeshawekwa, na mchezo unaoingiza watu hutaki kuufunga. Peter Pan's Flight pale Magic Kingdom, bustani ya Disney ya Florida, ndiyo mfano wa kusikitisha. Ni kijahazi cha watu wachache kinachoning'inia kwenye reli ya juu, kinapendwa mno, na kimebanwa na majengo. Mwaka 2015 walichofungua ni eneo la kusubiria lenye mapambo na vitu vya kuchezea. Watoto walifurahi, na viti vikabaki vilevile.

Ndiyo maana wenye akili huongeza mwanzoni. Matterhorn, rolakosta ya Disneyland ya mwaka 1959, ina reli mbili. Space Mountain, rolakosta ya Florida ya mwaka 1975, ina reli mbili. Avatar Flight of Passage, mchezo wa Disney wa kuruka mbele ya skrini, ilifunguliwa mwaka 2017 ikiwa na kumbi nne, kila moja ya watu 48, na bado foleni yake ilihesabiwa kwa masaa. Hapo nakuambia jambo ambalo hutalipenda: foleni ikipungua, watu huiona, nao huja. Wale waliokuwa wameukata mchezo kwa sababu ya saa mbili, wakisikia ni dakika 40, wanageuza njia. Kwa hiyo njia ya tatu haipunguzi kusubiri kwa theluthi kama hesabu ya darasani inavyosema. Lakini inawapa watu wengi zaidi nafasi ya kupanda siku hiyo, na hao ni watoto kama wako. Mimi kwa hilo tu ningejenga.

Njia ya kulipia, haya. Disney walianzisha FastPass, tiketi ya kupita mlango wa haraka, mwaka 1999 bila malipo. Mwaka 2021 ikaja Genie+ ya kulipia, na tangu 2024 huko Florida inaitwa Lightning Lane Multi Pass. Majina yamebadilika, viti havikuongezeka hata kimoja. Tuseme mchezo una nafasi 1,000 kwa saa, na 600 zimetengewa mlango wa haraka. Mbele yako katika njia ya kawaida wamesimama 500. Zingekuwa zako nafasi zote, ungengoja nusu saa. Kwa 400 zilizobaki, utangoja saa moja na robo. Dhuluma ni neno zito, bei imeandikwa ukutani na hakuna aliyeshikiwa bunduki. Ila anayelipa huwa ananunua muda wako, na wewe hukuulizwa kama unauza. Ningekuwa na kura, ningeitaka bustani iandike getini, kwa kila mchezo, viti vingapi kati ya 100 vimebaki kwa asiyelipa. Mgeni akishajua, aamue mwenyewe.

Safari ijayo, kama wanao wamefikia umri unaoruhusiwa kupanda bila mzazi kando, tafuta foleni ya mtu mmoja mmoja. Familia ya watatu kwenye mistari ya viti viwili huacha kiti kimoja wazi, na mimi pale jukwaani nilikuwa nakijaza kwa kumwita aliye peke yake. Hamtakaa pamoja, lakini mtapanda mapema.

SWALI: Mjomba, nina pembea ya kuzunguka ya viti 16, ya mota, huwa naifunga kiwanjani sikukuu za Idi hapa Unguja. Usiku watoto wanajaa mpaka wanalia, wengine wanaondoka na pesa zao. Nifikirie kukopa ninunue ya pili? — Mwenye Pembea, Unguja

JIBU: Usikope kwanza. Chukua simu, pima mzunguko mmoja tangu mtoto wa kwanza anapanda mpaka mwingine anakaa kiti hichohicho. Nahisi utakuta hivi: pembea inazunguka dakika 4, na dakika 6 zinakwenda kwa kushusha, kupandisha na kukusanya pesa kiti kwa kiti, noti kubwa chenji hakuna. Jumla dakika 10. Kwa saa ni mizunguko 6, watoto 96.

Sasa mweke kijana mmoja na meza nje ya uzio, auze tiketi. Wa ndani asiguse pesa. Watoto 16 wanaofuata wasimame ndani ya kamba wakiwa wamehesabiwa, waingie upande mmoja wakati wengine wanatoka upande wa pili. Ukizipunguza dakika 6 zikawa 2, mzunguko mzima ni dakika 6, mizunguko 10, watoto 160 kwa saa. Pembea ileile, mota ileile. Ya pili ingekufikisha 192, pamoja na deni, mafuta ya jenereta na mtu wa kuisimamia.

Tiketi zipe rangi. Ukitangaza “sasa nyekundu, njano wajiandae,” mwenye kijani anaweza kwenda kula urojo na kurudi bila kupoteza zamu. Disney walifanya jambo la aina hiyo mwaka 2012 walipoongeza pembea ya pili ya tembo Dumbo kule Florida, tembo 16 kila upande: familia zilipewa kifaa kidogo cha kuitia, watoto wakacheza hemani mpaka kilipolia. Wewe karatasi za rangi zinatosha.

Mambo mawili usiyafanye hata foleni ifike barabarani. Usizikate zile dakika 4, mtoto ameleta mkono wake wa Idi na anajua kuhesabu kuliko unavyodhani. Na usiweke wawili kwenye kiti cha mmoja. Baada ya hayo, usiku wa sikukuu ya pili ukiona wangali wanaondoka na pesa mkononi, hapo nenda kakope, na mkopeshaji mwonyeshe hizo hesabu.

SWALI: Mjomba, tunatoka Muscat kwenda Abu Dhabi na binamu zangu kupanda rolakosta ya Formula Rossa ya Ferrari World. Wao wanataka viti vya mbele kabisa. Tusubiri? — Kijana wa Muscat

JIBU: Treni ile ina viti 16, watu wawili wawili. Mstari wa mbele kwa hiyo unachukua wawili tu kila safari, sehemu moja kwa nane ya treni. Watu 30 wanaotaka mbele ni safari 15. Watu haohao wakikubali kiti chochote hawafiki safari mbili. Panda kwanza popote, mapema bustani inapofunguliwa. Kwa kilomita 240 kwa saa utalia machozi hata ukikaa nyuma. Wakitaka tena mbele, wasimame wao, wewe nenda ukale wakati watu hawajaanza kula.