Kayaki ya kuvulia baharini kwa mfuko mdogo: maswali na majibu

Nimeonyeshwa kayaki mbili za mtumba. Moja unaingiza miguu ndani, nyingine unakaa juu yake. Ile ya kwanza ni rahisi zaidi. Nichukue ipi? (Mtwapa)

Chukua ya kukaa juu, hata ikibidi usubiri mwezi mmoja uongeze hela. Ile ya kuingiza miguu ni nzuri kwa safari, lakini ikipinduka hujaa maji, na kuyachota peke yako huku mawimbi yanakusukasuka si mchezo. Ya kukaa juu ina matundu yanayorudisha maji baharini. Ukianguka unaigeuza, unajilaza juu yake kwa tumbo, kisha unajigeuza ukae. Fanya mazoezi hayo kwenye maji ya kiunoni kabla hujafunga ndoana ya kwanza. Ubaya wake ni kulowa makalio tangu asubuhi, ila kwa joto la bahari yetu sioni hasara.

Muuzaji anasema ya mita tatu inatosha. Ni kweli? (Tanga)

Kwenye hori na mikokoni, ndiyo. Kwenye maji ya wazi tafuta mita 3.5 hadi 4, upana sentimita 75 hadi 85. Nyembamba inakimbia lakini inayumba ukivuta samaki. Pana imetulia lakini itakuchosha mabega. Usipakie mpaka kikomo cha uzito kilichoandikwa. Theluthi mbili yake yatosha, na hapo ujihesabu wewe, nanga, maji ya kunywa na samaki.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyeniuliza: nani ataibeba? Nyingi zina kilo 25 hadi 35. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, unaondoka maji yamejaa mlangoni, unarudi yamekupwa, na kati yako na ufuko kuna mwendo mrefu wa matope na mawe yenye chaza.

Nikaguaje ya mtumba?

Ipindue. Sehemu ya nyuma, chini, ndiyo hulika kwanza, kwa sababu watu hushika mkono wa mbele wakaiburuta mchangani. Pabonyeze kwa dole gumba. Pakibonyea kama chupa ya maji, iache. Tazama nyufa kwenye kingo za matundu na chini ya kiti. Mwisho omba ndoo mbili tatu za maji, yamimine ndani ya tumbo lake, iinamishe huku na huku uone kama yanachuruzika. Muuzaji akikataa, amekwisha kukujibu.

Mimi ya kwanza sikuikagua hivyo. Ufa ulikuwa umezibwa kwa gundi ya mabomba na kupakwa rangi, nikaujua nikiwa katikati ya hori. Plastiki ya kayaki haishiki gundi ya kawaida wala faiba. Huunganishwa kwa moto, kwa kipande cha plastiki ya aina hiyohiyo. Skrubu zenye kutu zisikutishe, zinabadilishwa. Ukirudi baharini isuuze kwa maji baridi (visima vingi vya pwani vina chumvi, onja kwanza) na uiweke kivulini.

Kwa nini nisinunue ngalawa tu?

Kama uvuvi ndio unaokulisha, nunua ngalawa. Ina tanga, inabeba watu wawili na madema, na ikiharibika fundi yupo kijijini. Kayaki ni ya mtu mmoja na mshipi wake, anayetaka kutoka alfajiri na kurudi kabla ya saa nne.

Naweza kuvuka mwamba nikafuate nguru? (Kilifi)

Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, hapana. Wakati mwingine, ukishaijua bahari ya hapo, nenda na mwenzio, na upepo ukianza kuvuma kutoka bara geuza mapema, maana huo hukupeleka nje. Jaketi la kuokoa maisha livaliwe, lisifungwe nyuma ya kiti. Kafi lifunge kamba. Hela uliyookoa kwenye chombo iingie hapa.

Pitia kwanza BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuko) ya ufuko wako uulize vibali. Ndani ya hifadhi za taifa za bahari za Malindi, Watamu na Kisite hakuvuliwi kabisa, hata kwa mshipi mmoja.