Deskitopu tupu baada ya kuingia domeni
Ndugu, unasema karani wako wa ofisi ya Mtumba alikuta deskitopu tupu kompyuta yake ilipounganishwa na domeni, yaani mtandao wa ofisi ambao seva husimamia akaunti za watumiaji wote. Mafaili yake hayajapotea. Windows humtambua mtu kwa SID, namba ya pekee ya kila akaunti, si kwa jina. Akaunti ya domeni ina SID yake, ndiyo maana amefunguliwa profaili (folda ya mafaili na mipangilio yake) mpya, tupu. Ya zamani bado ipo ndani ya C:\Users.

Kwa kompyuta ambazo bado hujaziingiza kwenye domeni, nakili kwanza folda ya mtumiaji iliyo ndani ya C:\Users kwenye diski ya nje. Ingia kwa akaunti nyingine yenye mamlaka ya msimamizi, uendeshe User Profile Wizard ya ForensiT, programu ya kuhamisha profaili, kabla mtumiaji hajagusa akaunti ya domeni: itaikabidhi akaunti hiyo profaili ileile ya zamani, ruhusa zikiwemo. Nywila za kivinjari zitoe mapema, zimefungwa kwa ufunguo wa akaunti ya zamani. Windows Home usihangaike nayo, haiingii domeni. Na DNS (mpangilio wa kutafuta anwani za kompyuta kwa majina) ielekeze kwenye seva ya domeni, si ruta.