Jino la kupandikiza linaonekana refu: kosa ni la kofia au la skrubu?

“Daktari, shikamoo. Niko Majengo, Moshi. Nilianguka na bodaboda nikapoteza jino moja la mbele, la juu. Miaka miwili iliyopita nikapandikiziwa jingine. Linatafuna vizuri na haliumi, ila limekuwa refu kuliko mwenzake, na fizi yake ina kivuli cha kijivu. Nimeambiwa nibadilishe kofia tu, yaani lile jino bandia linaloonekana, skrubu iliyo ndani ya mfupa ibaki. Itasaidia? Au livutwe kwa nyaya?”

Marahaba, mama. La nyaya ni fupi: haliwezekani. Jino la asili limeshikwa na nyuzi laini zilizo kati yake na mfupa, ndiyo maana husogea. Skrubu ya titani imeshikana na mfupa wenyewe. Ilipokaa ndipo ilipo.

Kofia nayo nisingeikimbilia. Urefu na kijivu vikija pamoja, mimi kwanza hushuku skrubu iliyokaa mbele mno, upande wa mdomo. Mfupa wa upande huo kwenye meno ya mbele ya juu ni mwembamba, mara nyingi haufiki milimita 1, na jino likishatoka huzidi kupungua, hasa miezi 3 ya mwanzo. Anayepandikiza akifuata tu tundu la jino lililotoka, hujikuta ukingoni. Tunataka mbele ya skrubu ubaki mfupa wa karibu milimita 2, kwa hiyo tunaiegemeza upande wa kaakaa. Bila hivyo mfupa unalika, fizi inapanda, na rangi ya chuma inaonekana.

Kina pia kina hesabu yake: mdomo wa skrubu, pale kofia inapokalia, ukae kama milimita 3 ndani ya ukingo wa fizi tunaoutarajia. Ukiwa juujuu, kofia hutokeza ghafla kama uyoga. Kutoka jino la jirani tunaacha angalau milimita 1.5, na kati ya skrubu mbili milimita 3, la sivyo ile ncha ya fizi katikati ya meno hutoweka na kuacha pembetatu nyeusi. Ndiyo maana umbo la jino hupangwa kwanza, kwa nta au kompyuta, ndipo tutafute skrubu ipite wapi.

(Kwa gego hoja ni mzigo: skrubu isimame katikati ili nguvu ya kutafuna ishuke wima. Ikiinama, kijiskrubu kinachoshikilia kofia hulegea kila mara.)

Sasa wewe: omba picha ya pande tatu ya taya, mfupa wa mbele upimwe. Kosa likiwa dogo, kipande cha nyama kutoka kaakaani kinaweza kunenepesha fizi, kisha kofia mpya ikafuata. Likiwa kubwa, skrubu hutolewa, mfupa ukajazwa, ukasubiri miezi kadhaa, ukaanza upya. Najua si habari ya kufurahisha, lakini kofia mpya juu ya skrubu iliyopotoka ni fedha ya bure.

Kama umekulia huku kwetu kwenye maji yenye floraidi nyingi, tuseme kule Maji ya Chai, Arusha, na meno yako yana madoa ya kahawia, mwambie fundi anayetengeneza kofia ayaone kwa macho yake mchana. Kofia nyeupe pee katikati ya meno hayo itajitangaza hata ikikaa sawasawa.

Na ukienda kwa daktari mwingine, chukua ile kadi ya aina na kipimo cha skrubu kule ulikopandikizwa. Bila hiyo anaweza kukosa hata bisibisi ya kuifungulia.