Vitufe vya F Vimegeuka Katika Kompyuta Mpya

SWALI: Kwa miaka mingi nimefanya hesabu kwa kompyuta moja, na vidole vyangu vimezoea kubonyeza F2 ili kurekebisha seli ya Excel, F4 ili kuweka alama ya dola katika fomula, na F12 ili kuhifadhi faili kwa jina jingine. Tangu nihamie kompyuta mpakato mpya, F2 hupunguza sauti na F4 huzima maikrofoni. Isitoshe, kitufe cha F11, ambacho nilikipangia mwenyewe katika Word kiweke mtindo wa vichwa vya sehemu, hakifanyi hivyo hata nikikibonyeza pamoja na Fn. Nimeondoa Office na kuisakinisha upya, lakini hali ni ile ile. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu msomaji, una matatizo mawili yaliyokujia siku moja ukayadhani ni moja, na hakuna hata moja kati yake ambalo lingeondoka kwa kusakinisha Office upya.

La kwanza limo katika kibodi. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na vitufe kumi vya F, vimepangwa upande wa kushoto, na havikuwa na kazi nyingine ila kutumikia programu. Katika kompyuta mpakato za leo, vitufe hivyo vimebebeshwa pia kazi za sauti, mwangaza na maikrofoni, na watengenezaji wengi huzitanguliza kazi hizo, kwa kuwa wanunuzi wengi hugusa sauti mara nyingi kuliko F4. Kwa mhasibu, naona uamuzi huo ni kero tupu. Uchaguzi wa kazi ipi itangulie kwa kawaida hufanywa na kibodi yenyewe kabla ya Windows kupata habari, ndiyo maana Windows hupokea amri ya kupunguza sauti, na Excel haijui kabisa kwamba ulibonyeza F2. Ukitaka kuhakikisha, chomeka kibodi ya nje ya kawaida: F2 ikirekebisha seli, basi Excel haina kosa.

Tazama kitufe cha Esc. Kikiwa na picha ndogo ya kufuli, bonyeza Fn na Esc kwa pamoja mara moja, kisha ujaribu F2. Ukibonyeza tena hivyo hivyo, hali ya awali hurudi. Pasipo na kufuli, ingia katika mipangilio ya BIOS, yaani programu ya msingi ya mashine inayotangulia Windows, mashine inapowaka. Kitufe cha kuingilia hutofautiana: HP hutumia F10, na Dell hutumia F2. Katika HP utazima chaguo linaloitwa Action Keys Mode. Katika nyingine tafuta chaguo lenye neno Function Key au Hotkey, ubadilishe hilo tu, uhifadhi na kutoka. Mwenye Mac hahitaji safari hiyo, kwani chaguo lake limo katika mipangilio ya kibodi ya mfumo wenyewe.

Tatizo la pili, lile la F11, ni la faili iliyobaki nyuma. Njia za mkato unazojipangia katika Word kwa kawaida huhifadhiwa, pamoja na mitindo yako, katika kiolezo kiitwacho Normal.dotm, na kompyuta mpya imejitengenezea kiolezo chake kitupu. Katika kompyuta ya zamani, funga Word, na Outlook pia ikiwa wazi, kisha andika %appdata%\Microsoft\Templates katika upau wa anwani wa kidirisha cha mafaili, nawe utaiona faili hiyo. Inakili na kuipeleka katika folda kama hiyo ya kompyuta mpya, Word ikiwa imefungwa huko pia. Lakini kabla ya kuibandika, ipe jina jingine ile iliyopo, usiifute, ili uweze kuirudisha mambo yakiharibika. Kwa hiyo kompyuta ya zamani usiitoe wala kuifuta diski yake kabla hujafungua Word mpya na kuiona F11 ikiweka kichwa cha sehemu.