Mbunge kauliza, Waziri kajibu: jibu la Dodoma linasomwaje?

Maswali haya yametoka kwa wasomaji wa Kigoma na Tabora. Yote yanahusu kazi ya mbunge anapokuwa Dodoma.

Mbunge wetu ana maswali mengi kuliko wa jimbo jirani. Ndiyo kusema anafanya kazi zaidi? (Msomaji, Uvinza)

Si lazima. Tenganisha kwanza swali la msingi na swali la nyongeza. La msingi huandikwa mapema, likapelekwa kwa Katibu wa Bunge na kupangiwa siku, na wizara ikaandaa jibu la maandishi. La nyongeza huulizwa papo hapo: mwenye swali la msingi hupata mawili, wengine wakiitwa na Spika hupata moja moja. Mbunge anayesimama kila asubuhi kudandia swali la mwenzake kwa "na kwangu je?" atakuwa na orodha ndefu, ila majibu atakayopata ni ya juujuu, maana Waziri hakujiandaa kwa jimbo lake.

Tazama mfululizo. Akiuliza kuhusu kituo cha afya mwezi Februari, je, alirudi kwenye jambo hilohilo wakati wa bajeti ya wizara, kisha akauliza tena fedha zimefika kiasi gani? Mambo matatu yaliyofuatiliwa hivyo yanazidi thelathini yaliyotupwa tu. Majibu yote yamo kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, yaani Hansard, na tovuti ya Bunge huorodhesha maswali na michango ya kila mbunge.

Tumejibiwa barabara yetu "ipo kwenye upembuzi yakinifu na usanifu wa kina". Tutaona katapila lini? (Msomaji, Kasulu)

Bado sana. Upembuzi yakinifu unapima kama barabara inastahili gharama: magari mangapi yanapita, udongo ukoje, mito mingapi inavukwa. Usanifu wa kina unatoa michoro, idadi ya makalavati na madaraja, na makadirio ya gharama. Hapo hakuna hata shilingi moja ya ujenzi. Baada ya hapo inatafutwa fedha, inatangazwa zabuni, unasainiwa mkataba, mkandarasi anapewa malipo ya awali na kukabidhiwa eneo la kazi. Kila kituo kati ya hivyo kina uwezo wa kula mwaka mzima.

Kinachokwamisha zaidi ni mambo mawili. La kwanza, usanifu huzeeka. Ukikaa kabatini miaka kadhaa, bei zinapanda, mvua zinabadilisha mikondo ya maji, na Serikali inarudi kusema "tunafanya mapitio ya usanifu". La pili ni fidia. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani huwekewa X nyekundu na halipwi. Aliyekutwa na nyongeza ile huwekewa X ya kijani, na huyo anadai fidia. Kwa hiyo swali la nyongeza lenye maana ni hili: tathmini ya fidia imekamilika, na fedha yake ipo kwenye bajeti ya mwaka gani?

Mkijibiwa "itajengwa kadri fedha zitakavyopatikana", someni kwamba fedha haijatengwa. Na hata ikisemwa "imetengwa", hiyo bado si "imetolewa". Kutengwa ni tarakimu kwenye kitabu cha bajeti. Kutolewa ni Hazina kupeleka fedha. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mbunge makini huuliza mwezi Februari imetoka asilimia ngapi.

Kwa nini kila siku anajibu Naibu Waziri? (Msomaji, Urambo)

Ndiyo kazi yake. Anajibu kwa niaba ya Waziri na jibu lina uzito uleule. Waziri Mkuu ana nusu saa yake Alhamisi, maswali ya papo kwa papo, lakini hayo ni ya sera. Usimtarajie akajibu habari ya pampu ya kijiji.

"Kushika shilingi" ni nini hasa? (Msomaji, Buhigwe)

Ibara ya 99 ya Katiba haimruhusu mbunge kuongeza matumizi ya Serikali kwa hoja yake mwenyewe. Kupunguza, anaweza. Ndipo ulipotoka mtindo huu: Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi na kufika kwenye mshahara wa Waziri, mbunge anadai maelezo, na asiporidhika anatoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara huo. Wenzake wakimuunga mkono, mjadala unafunguka na Waziri analazimika kueleza zaidi. Mara nyingi mwisho wake ni ahadi, na mbunge "anarudisha shilingi". Ahadi hiyo inaingia Hansard. Mbunge asiyeirejea mwaka unaofuata alishika shilingi kwa ajili ya kamera.

Swali likijibiwa ovyo, kuna njia nyingine? (Msomaji, Ujiji)

Ipo hoja binafsi, yaani hoja anayoileta mbunge mwenyewe, si Serikali. Agosti 2007 Zitto Kabwe, wakati huo Mbunge wa Kigoma Kaskazini, alileta hoja ya kuundwa kamati teule kuchunguza mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Spika alikuwa Samuel Sitta, Mbunge wa Urambo Mashariki. Hoja ilikataliwa na mtoa hoja akasimamishwa kuhudhuria Bunge, lakini Novemba mwaka huohuo Rais Kikwete aliunda kamati ya kupitia sekta ya madini, na Zitto akawa mjumbe wake.

Tunataka mbunge atuulizie kisima chetu kilichoharibika. Tuandikeje? (Msomaji, Kaliua)

Anzeni na wizara sahihi, kwani hapa wengi huteleza. Maji vijijini ni RUWASA, wakala wa maji vijijini, kwa hiyo Wizara ya Maji. Barabara ya kijijini ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Ya mkoa ni TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, chini ya Ujenzi. Jengo la zahanati ni TAMISEMI. Tumbaku ni Kilimo, meli na reli ni Uchukuzi.

Barua iwe ukurasa mmoja: jina la kijiji na kitongoji, kisima kilichimbwa mwaka gani, kilichoharibika ni pampu au bomba, kaya ngapi zinakitegemea, na mlimwandikia lini Meneja wa RUWASA wa wilaya. Ambatisheni nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Bila hiyo Waziri atajibu kwamba hakuna taarifa iliyofika.

Kisha pendekezeni swali lenyewe. Msiandike: "Je, Serikali haioni umuhimu wa kutupatia maji?" Jibu lake linajulikana: Serikali inaona umuhimu. Andikeni: "Je, ni lini pampu ya kisima cha kijiji chetu itabadilishwa, na ni kiasi gani kimetengwa kwa kazi hiyo mwaka huu wa fedha?" Hapo lazima itajwe tarehe au tarakimu, na ikikosekana, kukosekana kwake kutaonekana kwenye Hansard.

Mpelekeeni kwenye ofisi ya jimbo wiki kadhaa kabla ya mkutano wa Bunge kuanza, muombe namba ya swali likishapokelewa.